Otto Lilienthal: Jamaa aliyevaa mabawa akaruka mara 2,000

Ukipita karibu na uwanja wa Nyayo, Nairobi, inua macho uangalie ile migunga ya kando ya barabara. Wale korongo wakubwa wenye upara, wanaochafua magari ya watu na kunuka kama jaa la Dandora, wengi wetu tunawaona kama kero tu. Lakini siku ukikwama kwenye jamu pale, hebu mtazame mmoja akitoka mtini. Anapiga mabawa mara chache, halafu anayanyoosha na kutulia. Hewa inambeba. Anazunguka juu, mzunguko baada ya mzunguko, na hapigi bawa tena. Ni kama amepanda lifti ambayo wewe huioni.

Kuna mtoto mmoja wa Ujerumani aliyetazama kitu hicho hicho zaidi ya miaka 150 iliyopita, na hakuweza kukisahau maisha yake yote. Anaitwa Otto Lilienthal. Korongo wake walikuwa weupe, wenye miguu myekundu na mabawa meusi nchani, wakitembea kwenye malisho yenye majimaji karibu na mji mdogo wa Anklam. Na hapa ndipo nilipochekeshwa nikisoma habari zake: korongo weupe wa pande zile za mashariki mwa Ujerumani hawangoji baridi iwakute. Wanashuka kupitia Mashariki ya Kati, wanafuata Nile, wengine wanafika kwetu na wengine wanaendelea hadi kusini mwa Afrika. Kumbe walimu wa Otto walikuwa wakija likizo huku, kula panzi.

Otto alizaliwa tarehe 23 Mei 1848. Mama yake, Caroline, alizaa watoto wanane. Waliovuka utoto ni watatu tu: Otto, mdogo wake Gustav, na dada yao Marie. Baba yao alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa ambaye mambo yalimwendea mrama. Madeni yakamlemea, akaanza kupanga kuhamia Marekani na familia. Kabla hawajaondoka akafariki, mwaka 1861. Otto alikuwa na miaka 12. Mama, aliyekuwa amesomea muziki, akaanza kushona kofia na kufundisha watu kuimba ili watoto wale. Wengi wetu tumelelewa na mama wa aina hiyo, sina haja ya kueleza zaidi.

Katika hali hiyo ndipo hawa ndugu wawili walipotengeneza mabawa yao ya kwanza. Walichukua mbao nyembamba, kila bawa urefu wa kama mita mbili, wakaweka mikanda ya kupitisha mikono, na wakawa wanakimbia wakishuka mteremko. Walifanya hivyo usiku. Mbona usiku? Waliogopa wenzao wa shule wangewacheka. Tatizo ni kwamba usiku wa kiangazi kule upepo hulala, na bila upepo hata korongo mwenyewe anahangaika kupaa. Basi hawakuruka popote.

Nilipofika hapo nilimkumbuka jamaa fulani wa ploti yetu, tukiwa wadogo, aliyeruka kutoka juu ya paa la choo na mwavuli wa nyanyake. Mwavuli ulipinduka, yeye akateguka mguu, na akaitwa Rubani hadi walipohama. Tofauti yake na Otto ni kwamba Otto hakuacha. Alijiuliza kwa nini ilikataa, na swali hilo alilibeba kwa karibu miaka thelathini.

Alisomea ufundi Potsdam, akafanya kazi kiwandani Berlin, kisha akaingia chuo cha ufundi cha Berlin mwaka 1867 kusomea uhandisi. Mwaka 1870 vita vya Ujerumani na Ufaransa vikaanza, akaenda. Alirudi salama, na Gustav alisimulia baadaye kwamba karibu jambo la kwanza kaka yake alilosema ni kuwa sasa ile kazi ya kuruka imalizwe. Yaani mtu ametoka vitani, na kichwani bado ni korongo.

Ili kuelewa alikuwa anapigana na nini, lazima ujue wakati ule watu waliamini nini. Kuruka kulimaanisha puto. Unajaza gesi nyepesi kuliko hewa, unapanda, unaenda unakopelekwa na upepo. Mtu aliyesema binadamu atavaa mabawa alihesabiwa pamoja na wendawazimu, na sababu ilikuwapo. Kwa karne nyingi watu walikuwa wameruka kutoka minarani na kuvunjika. Tena mtaalamu wa Kiitaliano, Borelli, katika kitabu kilichotoka mwaka 1680, alikuwa ameshaeleza kwamba misuli ya binadamu haina nguvu ya kupiga mabawa makubwa ya kumwinua. Na alikuwa sahihi! Angalia kifua cha njiwa siku ukimchinja: nyama karibu yote imejaa hapo, na ndiyo injini yake. Sisi nguvu zetu ziko miguuni. Ukijifunga mabawa mikononi na kuyapiga, utachoka kabla hujaenda popote.

Otto aliona kwamba kabla ya kupiga mabawa kuna kitu kingine cha kuelewa kwanza, nacho ni bawa lililotulia linabebaje mzigo. Korongo anayeelea hatumii misuli. Basi kinachombeba ni umbo la bawa na hewa inayolipita. Hapo akaacha kukisia, akaanza kupima. Yeye na Gustav walijenga mtambo wenye mkono mrefu unaozunguka, wakafunga vipande vya umbo la bawa mwishoni mwake, wakavizungusha na kupima hewa inavisukuma kiasi gani, kwa pembe hii, kwa pembe ile. Vipande bapa kama ubao. Vipande vilivyopinda kidogo, kama kiganja unapochota maji.

Jibu lilikuwa kwenye ule mpindo. Bawa lililopinda kidogo juu linabeba kuliko bapa, kwa mbali. Leo ukitazama bawa la ndege ya abiria kutoka dirishani unaona mpindo huo na hata huujali. Otto hakuwa wa kwanza kabisa kufikiria hilo, lakini ndiye aliyekaa chini akapima kwa subira na kuandika majedwali ambayo mtu mwingine angeweza kuyatumia. Kitabu chake kuhusu mruko wa ndege kama msingi wa ufundi wa kuruka kilitoka mwaka 1889. Hakikuuzwa sana.

Sasa ngoja nirudi nyuma kidogo, kwa sababu mabawa hayakuwa yakimlipia kodi. Kuna kisa kimoja kwenye maisha yake ambacho kinaniuma kuliko vyote. Karibu mwaka 1880, hawa ndugu walibuni matofali madogo ya watoto kuchezea, ya mchanga, chokaa na mafuta ya kitani, mazito na mazuri kama mawe halisi. Hawakuwa na mtaji wala hawakujua kuuza. Wakauza ubunifu wao kwa mfanyabiashara mmoja aitwaye Richter. Richter akayapa alama ya nanga, akayatangaza, na yakawa moja ya michezo iliyopendwa zaidi Ulaya. Yeye akatajirika. Ndugu wawili walipojaribu kurudi kwenye biashara hiyo kwa mlango mwingine, wakajikuta mahakamani na wakashindwa. Gustav kati ya hapo alikuwa ameshaenda hadi Australia kutafuta maisha. Nani kati yetu hajawahi kumpa mtu wazo, halafu akaliona kwenye bango barabarani?

Kilichomwokoa Otto ni boila. Alitengeneza boila ndogo ya mvuke yenye mabomba yaliyojikunja, salama kuliko zilizokuwapo, inayofaa karakana ndogo zisizoweza kununua mitambo mikubwa. Mwaka 1883 akafungua kiwanda chake Berlin. Pesa zikaanza kuingia. Na hapa jamaa ananishangaza tena: mwaka 1890 aliamua kwamba robo ya faida ya kiwanda iwe ya wafanyakazi. Hakuna sheria iliyomlazimisha. Alikuwa pia anapenda jukwaa. Aliwekeza kwenye jumba moja la maonyesho mashariki mwa Berlin ili watu wa kipato cha chini waone michezo ya kuigiza kwa senti chache, akaandika mchezo mmoja mwenyewe na hata akaigiza. Mke wake, Agnes, waliyeoana mwaka 1878, walikutanishwa na muziki. Walipata watoto wanne.

Kwa hiyo tuna baba wa watoto wanne, mwenye kiwanda, mwenye nyumba Lichterfelde nje kidogo ya Berlin, miaka 43. Wengi wakifika hapo wananunua kiti kizuri na kuanza kulalamika kuhusu vijana wa siku hizi. Otto alianza kuruka.

Alianzia kwenye uwanja wa nyumba yake, akiruka kutoka kwenye jukwaa la ubao, chini tu, ili mwili uzoee. Kisha mwaka 1891 akaenda kijiji cha Derwitz, karibu na Potsdam, na huko akaelea hadi mita 25. Mita 25 ni kama kuvuka barabara pana. Lakini hakukuwa na kamba wala puto. Alikuwa mtu na mabawa yake, akiondoka mahali pamoja na kutua kwingine salama, na kesho yake akirudia.

Mabawa yenyewe yalikuwa ya fito za mierebi zilizofunikwa kwa kitambaa cha pamba. Ule mtindo aliouzoea zaidi, wa mwaka 1894, ulikuwa na upana wa mita 6.7 kutoka ncha hadi ncha, eneo la meta mraba 13 hivi, na uzito wa kilo 20. Uliweza kukunjwa kama bawa la popo na kupita mlangoni. Aliuvaa kwa kuingiza mikono kwenye pedi na kushika fito mbele, kiwiliwili na miguu vikining'inia chini. Halafu anakimbia kushuka kilima akielekea upepo. Ndiyo, kuelekea upepo, kama korongo, kwa sababu bawa linajali kasi ya hewa inayolipita, halijali kasi ya miguu yako ardhini. Hatua chache, na ardhi inaacha nyayo.

Na usukani? Hakuna. Usukani ni makalio, samahani kwa lugha. Ukitaka kwenda kushoto, unarusha miguu kushoto. Pua ikiinuka, unasukuma miguu mbele. Ndiyo maana picha zake nyingi zinamwonyesha kama mtu anayeteleza kwenye ganda la ndizi angani. Ukizichunguza, kila teke lina sababu yake. Udhaifu uko hapo hapo: kwa kuwa alikuwa amening'inia kutoka kwapani, sehemu ya mwili aliyoweza kuisogeza ilikuwa ndogo. Wanaoruka leo na mabawa ya fremu wananing'inia kwa mkanda, mwili mzima ukiwa huru chini ya bawa, wanausogeza wanavyotaka. Otto hakuwa na nafasi hiyo. Upepo wa kawaida aliumudu. Upepo wa ghafla ulikuwa habari nyingine.

Mwaka 1894 alifanya kitu ambacho ni cha kiburi na cha busara kwa wakati mmoja. Alijengewa kilima. Kabisa. Karibu na nyumba yake kulikuwa na udongo wa kiwanda cha matofali, akalipia kilima cha urefu wa mita 15, cha mviringo, ili upepo ukitoka upande wowote aweze kuukimbilia. Juu akaweka kibanda cha kuhifadhi mabawa. Wikendi watu wa Berlin walikuja kumtazama bosi wa boila akiruka juu ya vichwa vyao. Wapiga picha nao walikuja, kwa kuwa kamera za wakati huo zilikuwa zimeanza kuweza kukamata kitu kinachokwenda, na picha hizo zikazunguka dunia. Kwa mara ya kwanza watu walimwona binadamu angani akiwa amevaa mabawa. Hapo ndipo wendawazimu ulipogeuka sayansi. Habari unaweza kuibishia, picha si rahisi.

Alianza hata kuyauza, maki 500 kila moja. Angalau tisa ziliuzwa. Mmoja wa wanunuzi alikuwa William Randolph Hearst, tajiri wa magazeti Marekani. Mwingine Nikolai Zhukovsky, mtaalamu wa Urusi. Mwingine Percy Pilcher, kijana mhandisi kutoka Uingereza, aliyesafiri hadi kwake kujifunza. Kwa hiyo ukitafuta ndege ya kwanza duniani kuundwa kwa ajili ya kuuzwa, ni hii, ya fito na pamba.

Kwa safari ndefu alienda milima ya Rhinow, kaskazini magharibi mwa Berlin, ambako aliweza kuelea hadi mita 250. Ukijumlisha zote, wanahistoria wanakadiria alipaa zaidi ya mara 2,000, na muda wote wa kuwa angani ni kama saa tano tu. Piga hesabu: ni sekunde tisa hivi kila mara. Maisha mazima ya kujiandaa, kwa sekunde tisa tisa.

Mwaka 1894 aliwahi kuanguka vibaya, na kilichomwokoa ni upinde wa fito aliokuwa ameuweka mbele kuzuia kishindo. Alijua hatari. Aliendelea. Hapa mimi na rafiki yangu tuliyejadiliana naye habari hii hatukubaliani kabisa. Yeye anasema mtu mwenye watoto wanne hana ruhusa ya kucheza hivyo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na mama yangu hakunisemesha kwa wiki tatu, kwa hiyo labda namtetea Otto kwa sababu zangu. Lakini kuna jambo moja nimelisoma na haliniachii nimwite mzembe: alipanda hatua kwa hatua, kutoka ubao wa nyumbani, mita 25, mita 80, mita 250, akibadilisha kitu kidogo kila mara na kuandika matokeo. Aliwahi pia kumwandikia mwanaharakati mmoja wa wakati wake, Moritz von Egidy, kwamba binadamu wakiweza kuruka, mipaka ya nchi itakosa maana na vita vitakosa sababu. Sijui nicheke au nilie. Tunajua ndege zilifanya nini baada ya yeye kufa.

Jumapili tarehe 9 Agosti 1896 alikuwa kwenye kilima cha Gollenberg, karibu na kijiji cha Stölln, pamoja na fundi wake Paul Beylich. Siku ya jua. Jua likipiga ardhi, hewa moto inapanda kwa vipande, ile ile lifti ya korongo. Ikamkuta angani, ikamwinua, bawa likasimama karibu bila mwendo. Alirusha miguu mbele kushusha pua. Haikutosha. Bawa likikosa kasi ya hewa linaacha kubeba, na alikuwa kama mita 15 juu. Alianguka, uti wa mgongo ukavunjika. Mwanzoni alikuwa na fahamu, na hata hakudhani kama ameumia sana. Alisafirishwa Berlin kwa treni, na tarehe 10 Agosti akafa hospitalini. Alikuwa na miaka 48.

Kaburini kwake kumeandikwa maneno kuhusu kafara ambazo lazima zitolewe, na inasemekana ndiyo aliyoyatamka mwisho. Usiyachukue kama kiapo. Ushahidi ni mdogo, na yanafanana zaidi na maneno ambayo watu humwekea marehemu mdomoni. Agnes alibaki na watoto, na aliishi hadi mwaka 1920.

Pilcher alianguka na bawa lake mwaka 1899 akafa pia. Lakini huko Dayton, Marekani, ndugu wawili mafundi wa baiskeli walikuwa wamesoma habari za kifo cha Otto, na ile shauku yao ya utotoni ikaamka. Hao ni Wilbur na Orville Wright. Walianza na majedwali yake, na mabawa yao ya mwaka 1901 yalipobeba chini ya walivyotarajia, wakajenga kisanduku cha kupitisha upepo na kupima upya wenyewe. Sehemu kubwa ya tatizo haikuwa vipimo vya Otto. Ilikuwa namba ya zamani ya kukokotoa nguvu ya hewa, iliyorithiwa na kila mtu, na tena umbo la mabawa yao halikuwa kama lake. Somo kubwa walilolichukua kwake lilikuwa la usukani: kuhamisha uzito wa mwili hakutoshi. Desemba 1903 wakapaa na injini. Wilbur alimsifu Otto hadharani kuliko wote waliowatangulia.

Mwaka 2016 kituo cha Ujerumani cha utafiti wa anga kilijenga nakala kamili ya lile bawa la fito, wakalipuliza kwenye handaki kubwa la upepo kule Uholanzi. Wakakuta ni chombo kilichotulia vizuri angani. Hakikuwa mtego wa kifo. Kwa hiyo ukiniuliza kama binadamu anaweza kuvaa mabawa akaelea, jibu ni ndiyo, na limekuwa ndiyo tangu 1891, mradi mabawa yawe makubwa kiasi kile na upepo uwe na adabu. Hizi suti zenye mabawa unazoziona kwenye video, eneo lake ni dogo mno; zinaanguka mbele kwa kasi kubwa, na bila parashuti hakuna kutua. Wale wanaoruka ukingoni mwa bonde la Kerio pale Iten, wanaokimbia hatua chache na kitambaa kikubwa juu yao kikawachukua, hao ndio wajukuu halisi wa Otto.

Gustav naye hakuacha. Alizeeka akijenga mtambo wa kupiga mabawa kama ndege, wakati huo watu wakiwa wameshavuka bahari ya Atlantiki kwa eropleni, na aliendelea nao hadi alipofariki mwaka 1933.

Na kule Stölln, tarehe 23 Oktoba 1989, wiki chache kabla ukuta wa Berlin haujaanguka, shirika la ndege la Ujerumani Mashariki lilipeleka ndege yake kuukuu ya abiria aina ya Ilyushin 62 ikatue chini ya kilima kile kile. Hakukuwa na uwanja, kulikuwa na nyasi, urefu wa kama mita 900. Rubani aliishusha na kuisimamisha salama, vumbi likitanda. Imekaa hapo tangu siku hiyo, imepewa jina Lady Agnes, na watu hufungia ndoa ndani yake.